Bundi Aliyelia Mchana

Habari hii nilielezwa na Tumpe mwenyewe, Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, jikoni kwangu hapa Iyunga, tukichambua maharage. Tumpe ni binti wa jirani yangu. Nilimbeba mgongoni huyo, na leo ni koplo wa upelelezi Iringa. Alisema, "Bibi, nikianza usinikatize." Sikumkatiza. Maharage yaliiva, yakapoa, hatujala.

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi, baridi bado haijawatoka watu mifupani. Koplo Tumpe alikuwa amesimama chini ya mkuyu katika bustani ya mji, ile ya bondeni chini ya Mlandege, akitazama tawi lisilo na kitu.

Kwenye tawi hilo, wiki mbili nzima, alikuwa analala bundi. Si hawa bundi wadogo wa paa la kanisa. Huyu alikuwa mkubwa kama mtoto wa mwaka, rangi ya kutu, macho meusi tii. Watu wa kamera walisema ni ndege adimu, unaweza kuzeeka ukimtafuta usimwone. Wakaja na miwani yao ya kuvuta mbali, wakakaa kwenye nyasi kimya kama watu wa msibani. Jumatano jioni ndege alikuwepo. Alhamisi asubuhi hakuwepo.

Ndege kupotea si kesi ya kumtoa koplo kitandani. Kesi ilikuwa Bibi Esnath.

Bibi Esnath alikuwa mjane, mfagiaji wa bustani, nyumba yake chumba na sebule ng'ambo ya uzio. Jumatano hiyo mpiga picha mmoja alimpiga picha bundi, na kwenye picha, chini ya tawi, akaonekana Bibi Esnath na ufagio wake, uso umeinuliwa kama anayeongea na mtu. Picha ikazunguka simu zote za Mlandege. Usiku uleule mzee Sifaeli wa mtaa ule akafariki kwa presha. Asubuhi bundi hayupo. Watu wakajumlisha wenyewe: ametumwa, amefanya kazi, amerudi kwa mwenyewe. Alhamisi usiku mawe yalishuka juu ya bati la bibi. Sasa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Dastan, alikuwa ameitisha mkutano saa kumi na mbili jioni, na kila mtu alijua mkutano wa namna hiyo ukiisha giza linakuwa limeingia.

"Nikimchukua bibi nikamlaza kituoni, watasema serikali imekubali kuwa ni mchawi," mkuu wa kituo alimwambia Tumpe. "Nikimwacha, sijui kesho tutamkuta vipi. Nitafutie huyo ndege alipo kabla ya mkutano."

Tumpe aliinama. Chini ya mkuyu kulikuwa na vidonge vikavu, ukubwa wa kidole gumba. Akakivunja kimoja: miiba ya samaki na magamba.

"Si unaona?" Sauti ilitoka nyuma yake. Ilikuwa ya Kalinga, mlinzi wa bustani, mwanamume mrefu mwenye koti lililofungwa vifungo mpaka kooni, mkono wa kulia umezungushiwa kitambaa. "Yule bibi alikuwa anamlisha samaki. Bundi gani anakula samaki, afande?"

"Ulimwona akimlisha?"

"Kumlisha sikumwona. Ila Jumatano jioni, saa kumi na mbili, niliona kwa macho yangu yule ndege anaruka, anashuka nyumbani kwake. Nikawaambia watu. Sikuficha."

"Ni wewe uliyewaambia."

"Mimi. Ukweli haufichwi."

"Mkono umefanya nini?"

"Fyekeo, afande. Nyasi hizi."

Tumpe aliandika, akaendelea kutembea na macho chini. Upande wa pili wa shina palikuwa na mashimo mawili ardhini, yametengana kama miguu ya ngazi. Kati ya mizizi kulikuwa na chembe nyeupe. Akachovya kidole, akaweka ulimini.

Chumvi. Chumvi ya mawe, ile ya kupimwa kwa kikombe.

Tumpe ni mtoto wa Kinyakyusa. Bundi alipolia juu ya nyumba yao, mama yake aliamka akatupa chumvi motoni mpaka ikapasuka. Mtu aliyemwaga chumvi hapa hakuwa amekuja kumlisha bundi. Alikuwa anamwogopa.

"Kalinga, hii nyeupe ni nini?"

"Mbolea hiyo, afande," Kalinga alijibu upesi.

Hakubishana naye. Aliuliza tu mpiga picha yuko wapi, na Kalinga akawa kama mtu aliyefunguliwa mlango. "Adrian wa Mbeya? Huyo ndiye wa kumkamata! Anakuja na mabegi makubwa, anaondoka na mabegi makubwa. Fungua gari lake utaona."

Adrian alikuwa bado mjini. Akaja na kigari chake, kijana mpole, macho mekundu. Hakuwa amelala tangu asikie mawe yale yalitokana na picha yake.

"Niliituma kwa watu watatu tu, dada."

"Watatu nao wana watatu wao. Fungua buti."

Kwenye buti kulikuwa na kamera, viguu vya kamera, koti la mvua, na spika ndogo nyeusi ya kubebea mkononi.

"Hii ya muziki?"

Adrian aliigeuza spika mkononi. "Ya ndege. Ukimpigia mlio wake, anafumbua macho, anageuka. Unapata picha nzuri."

"Ulimpigia lini?"

"Jumanne na Jumatano. Kama saa sita mchana. Mwanga ulikuwa mzuri."

"Nipigie na mimi."

Adrian akabonyeza simu. Ukatoka mlio mzito, wa chini, kama mtu anayepuliza mtungi mtupu. Ng'ambo ya uzio mwanamke aliyekuwa akianika nguo aliangusha beseni, akamvuta mtoto wake ndani, akapiga komeo. Mwingine alipaza sauti, "Yesu wangu, mchana tena!"

Tumpe akaizima simu mwenyewe.

"Umesikia?" alisema. "Bundi wa usiku watu wanatupa chumvi wanalala. Bundi anayelia jua la utosi, tena siku mbili mfululizo, huyo hakuna aliyewahi kumsikia. Ulilitisha mtaa mzima, kaka. Mawe yalianzia hapo."

Adrian aliketi kwenye ukingo wa buti. "Sikujua."

"Sasa unajua. Nieleze miiba ya samaki."

"Bundi huyu ni mvuvi. Anakula samaki tu. Usiku anashuka mto Ruaha Mdogo, anavua kwa kucha. Asichoweza kumeng'enya anakitapika. Hakuna anayemlisha."

"Nionyeshe picha za Jumatano. Zote, hata mbovu."

Walikaa kwenye gari na simu ya Adrian, Tumpe akizipitisha moja moja. Bundi amelala. Bundi amefumbua macho. Bibi Esnath na ufagio. Ya mwisho, saa kumi na dakika arobaini, Adrian aliipiga kwa mbali akiwa anaondoka: mkuyu mzima, bundi tawini, na pembeni kabisa kibanda cha mlinzi. Tumpe akaivuta picha ile kwa vidole viwili.

Mbele ya kibanda palikuwa na ngazi. Kando ya ngazi, tenga la nyanya, la mbao, lenye mfuniko. Ubavuni lilikuwa na herufi tatu za rangi ya bluu: APO.

Akageuza shingo akakitazama kibanda chenyewe. Ngazi ilikuwepo. Tenga halikuwepo.

Hapo Tumpe alinieleza mimi: mtu wa Iringa hatupi tenga. Likishuka na nyanya sokoni, linarudi tupu na lori lilelile, na kila mwenye nyanya ameweka alama yake ili lisipotelee kwa mwingine. Tenga likikaa bustanini, kuna aliyelizuia lisirudi. Likiondoka, limeondoka na lori.

Akarudi kwa Kalinga, akakaa naye kwenye gogo, kama anayepumzika.

"Wifi yangu hajambo? Nasikia yuko karibu kujifungua."

"Verediana? Ni wiki hii au ijayo." Uso ulimlegea kidogo. "Mimba mbili zimetoka, afande. Hii ya tatu ndiyo imefika."

"Mungu atasaidia. Anakula vizuri? Nyanya mnanunua wapi?"

"Sokoni hapo. Fungu moja, mafungu mawili."

"Tenga zima hamjawahi kuleta?"

"Tenga zima tule na nani?"

Tumpe akaweka simu ya Adrian mapajani mwa Kalinga, picha imevutwa, herufi za bluu zinasomeka. Kalinga aliitazama, na Tumpe akatazama kitambaa cha mkononi mwake.

"Fungua mkono."

"Afande, ni fyekeo."

"Fyekeo linachana mstari. Fungua."

Kilipofunguka kitambaa yalionekana matundu manne, matatu juu na moja chini, yamevimba na kuiva. Kucha za ndege anayeshika samaki majini zisimwachie.

Kalinga hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama nyumba yake nyuma ya kibanda.

"Bundi yule alimlilia mke wangu mchana. Jumanne, tena Jumatano. Mchana, afande! Ningefanyaje? Kumuua sikuweza, damu ya bundi humrudia aliyeimwaga. Wazee walisema, avushwe mto, asijue njia. Nikamwaga chumvi. Nikampandia akiwa amelala, nikamfunika gunia, nikamtia kwenye tenga, nikapigilia mfuniko."

"Halafu?"

"Lori la matenga liliondoka alfajiri kwenda Ilula. Kwa dada yangu Apolonia. Nikampigia, nikamwambia asifungue mpaka nije."

"Ulimwambia ndani kuna nini?"

"Kuku wa kizungu."

"Na kwa watu ukasema alishuka nyumbani kwa Bibi Esnath."

Hapo ndipo Kalinga alipoinamisha kichwa. "Waliniuliza kaenda wapi. Nyumba yake ndiyo ipo hapo mbele. Jina likanitoka."

"Nasikia kuna anayemkanda mkeo mgongo kila jioni. Ni nani?"

Kalinga alikirudisha kitambaa mkononi. "Yeye."

"Panda gari la Adrian," alisema Tumpe. Ilikuwa saa saba na nusu.

Simu ya Apolonia iliita bila kupokelewa njia nzima. Tumpe alihesabu: saa moja kwenda, saa moja kurudi, ikibaki akiba. Lakini kama dada yule amefungua? Kama ndege amekufa? Bundi aliyekufa ndani ya tenga hasemi kitu. Watu watasema bibi amemuua kuficha. Alikuwa ameshika mkanda wa gari mpaka vidole vikafa ganzi.

Ilula ilikuwa na makelele yake. Basi likipunguza mwendo, wanawake wanaliendea na ndoo za nyanya vichwani, wanapandisha bei na kuishusha wakikimbia. Apolonia walimtambua kwa matenga yake, APO, APO, APO, yamepangwa kama ukuta. Mwanamke mnene, kitenge kiunoni, simu ameiacha kwenye chaji kibandani. Alipomwona kaka yake hakumsalimu.

"Umekuja! Njoo uchukue kuku wako! Nimempa pumba, hali. Nimempa mchicha, hali. Nimempa nyanya nzuri, nyanya ya kuuza, hali! Usiku anagonga kama fundi. Kuku gani huyu hana shukrani?"

"Yuko hai?" Tumpe aliuliza.

"Asubuhi alinigongea. Ndiye nani huyu, Kalinga? Umeoa tena?"

Adrian alishapiga magoti kwenye tenga chini ya meza, anachungulia kati ya mbao. Alikaa hivyo muda mrefu mno. Halafu ndani kukasikika tak, tak, mdomo unagonganishwa.

"Yuko hai," alisema. "Amechoka."

Apolonia naye akainama, akachungulia. Akanyooka polepole, na rangi ilikuwa imemtoka.

"Kalinga. Mwana wa mama yangu. Umeniletea kifo kwenye tenga la nyanya?"

"Nilitaka avuke mto..."

"Avuke mto aje kwangu! Kwako usiwe na msiba, kwangu uwe! Na watoto wangu wamelala juu ya hilo tenga!" Akamtandika kofi la bega, kisha la pili. "Litoe! Na tenga ulirudishe, nimelinunua!"

Walipakia. Saa tisa na robo waligeuza gari. Walikuwa na muda wa kutosha, mpaka lori la mbolea lilipokatika ekseli katikati ya barabara, na magari yakasimama pande zote. Saa kumi. Saa kumi na nusu. Tumpe alishuka, akatembea mbele, akarudi. Alimpigia Bibi Esnath.

"Kamwene, mjukuu wangu," bibi alijibu. "Wameanza kukusanyika. Nimevaa gauni langu la kanisani."

"Kwa nini la kanisani, bibi?"

"Ndilo nisiloona aibu kukutwa nalo."

Tumpe alikata simu akageukia dirisha, wenzake wasimwone. Halafu akamwuliza Adrian, bila kugeuka: "Ukimfungulia, ataruka mpaka wapi?"

"Siku mbili hajala, amekunjwa mabawa. Hatafika mbali. Atatua paa la kwanza analoliona, apumue, ndipo aende mtoni."

"Paa la kwanza?"

"Lolote lililo karibu."

Tumpe aliandika hilo daftarini. Barabara ilifunguka saa kumi na moja na robo.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja kati ya bustani na nyumba za mtaa. Kulikuwa na watu kama mia mbili, wengine na mikono nyuma. Bibi Esnath alikalishwa kwenye kigoda peke yake, gauni jeupe, nafasi imemzunguka kama ana ugonjwa. Mwenyekiti Dastan alisimama na shati lake la mikono mirefu, anasema.

"...na wazee wetu hawakuwa wajinga. Ndege aliyetumwa hurudi kwa aliyemtuma! Hilo halina mjadala. Kalinga mwenyewe alimwona!"

"Mwenyekiti, Kalinga huyu hapa," Tumpe alisema, akipita katikati na tenga mikononi, Adrian ameshika upande wa pili. Watu waliachana kama maji. "Na ndege huyu hapa."

Zikazuka kelele. Wengine walikimbia mpaka kwenye uzio. Adrian akabonyeza simu, mlio wa mtungi ukatoka mbele ya wote, na Tumpe akaiinua simu juu waione. "Huyu ndiye bundi wenu wa mchana. Yuko ndani ya simu." Kisha akamsukuma Kalinga mbele, na Kalinga akasema yote, chumvi, gunia, tenga, uongo. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini uwanja ulikuwa kimya kiasi cha kutosha.

Ungedhani yaliisha. Hayakuisha. Mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Kumkamata sawa! Nani kamtuma kwanza? Mfungulieni tuone anakwenda kwa nani!"

"Mfungulieni!" wakaitikia. Na Dastan akainua mkono: "Ni haki. Ndege hurudi kwa aliyemtuma. Afungue bibi!"

Bibi Esnath akaanza kunyanyuka.

"Kaa, bibi," Tumpe alimwambia taratibu. "Serikali haipimi uchawi. Ila ndege huyu lazima afunguliwe, na atafungua aliyemfunga." Akanyanyua tenga tena. Nyumba ya Bibi Esnath ilikuwa hatua mia moja upande wa bustani. Akatembea upande mwingine, akaliweka chini mbele ya nyumba ndefu yenye bati jekundu jipya, hatua kumi kutoka barazani. Kama Adrian amekosea, bibi hana kesho.

Kalinga aling'oa misumari kwa panga. Mfuniko ukalala upande.

Bundi hakutoka. Kisha kichwa kikubwa cha rangi ya kutu kikachomoza, kikazunguka taratibu, macho meusi yakawapitia wote. Akapanda ukingo wa tenga. Akafungua mabawa, mapana, bila sauti yoyote, akainuka akielekea upande wa bustani, upande wa bibi. Mtu alipiga kelele. Upepo ukamyumbisha, akageuka, akashindwa, akashuka kwa uzito wote juu ya bati jekundu, kwaa.

Akatulia hapo. Akajikung'uta.

Watu walitazama bati. Kisha, mmoja mmoja, wakamtazama mwenye bati.

"Mwenyekiti," alisema mwanamke mmoja kwa upole, "si kwako hapo?"

"Eh, jamani!" Dastan alitazama paa, akatazama watu, akarudi nyuma hatua mbili. "Jamani, ndege amechoka tu! Ndege ni ndege! Amefungwa siku mbili, atue wapi?"

"Amechoka tu," alirudia Tumpe. "Nimeandika, mwenyekiti. Maneno yako. Na siku ile kwenye mkuyu, bibi akifagia chini, ndege alikuwaje?"

Dastan alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Alikuwa... alikuwa amelala tu. Ni ndege."

"Sema kwa nguvu, wa nyuma hawajasikia."

Akasema kwa nguvu. Juu ya bati bundi alijiinua, akapita juu ya mikuyu kuelekea Ruaha Mdogo, na hakuna aliyeokota jiwe.

Kalinga alipelekwa kituoni kuandika maelezo. Usiku huo Tumpe aliomba godoro, akalitandika nyuma ya mlango wa Bibi Esnath, akajilaza na sare yake na buti zake.

"Vua viatu, mjukuu wangu. Waliorusha mawe jana, leo wameniletea maziwa."

"Ndiyo maana sivui, bibi."

Bibi Esnath alicheka kidogo gizani. "Kesho nitakwenda kumkanda Verediana. Mtoto hana kosa." Baada ya hapo alikohoa mara mbili, na pumzi yake ikawa ndefu.

Tumpe alisikiliza bati. Mbwa. Mtu anapita, hatua zinapungua, zinaendelea. Kisha kutoka kwenye mkuyu ukaja mlio mzito wa mtungi, wenyewe, usio wa simu. Mkono wake ulikwenda peke yake kwenye kikopo cha chumvi kando ya jiko, ukakishika. Akangoja mawe. Hayakuja. Mlio ukarudi tena, safari hii mbali, huko mtoni.

Akakirudisha kikopo mahali pake. Akavua kiatu kimoja. Cha pili, usingizi ulimkuta nacho.